Mafunzo ya Jikoni kutoka Nchi ya Jua Kali



Kila mwenye shamba la mikarafuu anazijua nyakati mbili za nyumba yake. Wakati wa kwanza ni wa mchumo. Watu huamka alfajiri wakaingia shambani, na jioni wakirudi hukaa kuchambua makonyo hata usiku mwingi. Fedha ipo, lakini mama wa nyumba hana nafasi ya kusimama jikoni, basi chakula hununuliwa barabarani kwa bei yoyote. Wakati wa pili huja baada ya karafuu ya mwisho kupimwa na fedha kwenda zake. Hapo mama ana nafasi tele, lakini cha kupika ni kidogo, na kitabu cha deni cha mwenye duka huanza kujaa. Tena twajua sote kwamba mkarafuu hauzai sawasawa kila mwaka. Ukizaa sana mwaka huu, huenda mwakani ukapumzika.

Kwa hiyo safari hii hatutasema habari za miche wala magugu. Twataka kusema habari za jikoni, na mfano wetu tumeutoa mbali, Dodoma na nchi ya uwanda wa juu wa katikati ya Tanzania, kwa Wagogo na jirani zao. Labda mtu atauliza: sisi wa kisiwani tunakopata mvua tele, tuna nini cha kujifunza kwa watu wa nchi kavu? Jibu letu ni kwamba wao pia hupata pato lao mara moja kwa mwaka, kisha hulazimika kuishi nalo mpaka mwaka mwingine. Jambo hilo wamelizoea kuliko sisi.

NCHI YENYEWE

Dodoma imeinuka kiasi cha mita 1,100 juu ya bahari. Mvua yake haifiki sana milimita 600 kwa mwaka, na yote hunyesha katika msimu mmoja, tangu Desemba mpaka Aprili au karibu yake. Baada ya hapo hakuna mvua kwa muda wa miezi saba au minane. Kisiwani Pemba hupata zaidi ya milimita 1,500, vuli na masika. Sisi tukikosa mboga leo, kesho huenda tukaiona imeota nyuma ya nyumba. Mgogo akikosa kuchuma mboga yake mwezi wa Februari, hataiona mpaka mvua nyingine.

Wala tusidhani kwamba akiba ya watu wale ni desturi tu waliyorithi bila kuijua maana yake. Wameionja njaa. Kubwa kuliko zote katika kumbukumbu zao ni ile waliyoiita Mtunya, ya miaka ya 1917 mpaka 1920. Wakati wa Vita Kuu ya Kwanza, majeshi ya Wajerumani na kisha ya Waingereza yalipita katika nchi ile, yakachukua nafaka, yakachukua ng'ombe, yakachukua na vijana wawe wapagazi. Kisha mvua ikakosekana. Maelfu ya watu walikufa. Katika habari hiyo mna fundisho ambalo ni vema tulitazame: watu wale walikuwa na vihenge na mifugo, lakini vilitoka mikononi mwao kabla ya siku ya shida kufika. Akiba si kuweka tu, ni kuweka na kulinda. Nasi leo hatuna jeshi linalopita, lakini tunao wenzetu wanaouza karafuu zao zingali mtini kwa bei ya hasara, ili walipe deni la chakula. Hiyo nayo ni akiba iliyotoka kabla ya siku yake.

Sasa tuingie jikoni.

MBOGA YA KUKAUSHA

Mboga ijulikanayo sana Ugogo ni mlenda. Huota wenyewe mashambani wakati wa mvua, na ukipikwa huteleza kama bamia. Mvua ikiwapo, akina mama huchuma mwingi kuliko wa siku ile. Unaozidi huanikwa, ukikauka hutwangwa kuwa unga, na unga huo huwekwa katika kibuyu au chungu. Majani ya kunde na ya maboga hukaushwa vilevile. Zamani watu walianika juu ya tembe, yaani nyumba za udongo zenye paa bapa, na siku hizi wengi huanika juu ya vichanja na mikeka.

Tazameni faida yake. Katika mwezi wa Septemba, wakati nchi yote imekuwa rangi ya vumbi, mama huchota unga wa mlenda, huchemsha maji, akaukoroga, na kitoweo kikaiva kabla ugali haujapoa. Hapana kuchuma, hapana kuosha, hapana kukatakata. Je, si chakula hicho hasa tunachokihitaji sisi usiku wa kuchambua karafuu?

Njia ya kufanya ni hii:

Kwanza, chuma majani machanga asubuhi, uyaoshe, uondoe vijiti na majani yenye madoa.

Pili, majani ya kunde na ya maboga yatumbukize katika maji yanayochemka kwa dakika mbili au tatu, kisha yatoe upesi yachuje maji. Mlenda hauna haja ya kuchemshwa.

Tatu, yaanike membamba juu ya jamvi safi au kichanja kilichoinuka, mahali penye upepo na kivuli, au uyafunike kitambaa chepesi. Jambo hili la kivuli ndilo tunaloomba mlishike. Wengi huanika juani moja kwa moja, na jua kali huharibu vitamini A iliyomo ndani ya jani, ile inayolinda macho na mwili wa mtoto. Jani lililokauka kivulini hubaki na rangi yake ya kijani, na nguvu yake haipotei sana.

Nne, jaribu kwa mkono. Jani lililokauka sawasawa huvunjika na kusagika vidoleni. Likipinda bila kuvunjika, bado.

Tano, weka katika chupa au kopo lenye kifuniko cha kubana. Hapa sisi hatuwezi kumwiga Mgogo kwa kila kitu. Hewa ya Dodoma ni kavu, na kibuyu kinatosha. Hewa ya kisiwani ina unyevu, na mboga iliyo wazi huvuta maji usiku ikaota ukungu. Ifungue na kuitazama kila baada ya majuma mawili matatu. Ukiiona imelegea, ianike tena siku hiyo hiyo. Ukiona ukungu, itupe.

Majamvi ya karafuu msiyatumie kwa kazi hii. Mboga itanuka karafuu, na karafuu itapata takataka.

Kisamvu hakina haja ya kukaushwa, kwani muhogo wetu una majani mwaka mzima. Kausheni kile kinachopita na msimu wake.

MAGADI NA KARANGA

Wenyeji wa Dodoma hutia magadi katika mlenda ili ulainike na kuteleza. Ni desturi nzuri kama kipimo chake ni cha ncha za vidole viwili. Magadi yakizidi, mboga huwa nzuri kwa kutazama, lakini vitamini zake huharibika. Kadhalika msiiache mboga motoni mpaka iwe uji.

Jambo la pili ni karanga. Sisi tumezoea kwamba mboga bila nazi si mboga. Lakini siku zipo ambazo nazi ni ghali, na nyumba ya watu wanane huhitaji nazi mbili. Kule ambako minazi haioti, kazi ya nazi hufanywa na karanga. Nazo si mbadala wa kimaskini, kwani karanga hujenga mwili kama vile kunde na maharage, na mafuta yake huusaidia mwili kuipokea ile vitamini A iliyomo katika majani. Mboga ya majani iliyochemshwa kwa maji matupu, bila mafuta wala nazi wala karanga, hupoteza nusu ya kazi yake.

Kaanga karanga kidogo, zipepete maganda, uzitwange mpaka ziwe laini. Zikoroge katika maji ya baridi kwanza, ndipo utie katika chungu, maana ukizitia kavu katika maji ya moto zitafanya madonge. Pika kwa moto mdogo, ukikoroga, mpaka uone mafuta yanapanda juu. Hapo tia majani yako makavu yaliyokwisha rowekwa katika maji ya vuguvugu, chumvi, na nyanya ikiwapo. Kikombe kimoja cha karanga zilizotwangwa hutosha chungu cha mboga cha nyumba nzima.

JIHADHARI NA UKUNGU

Hapa twaomba msomaji asome pole pole, maana jambo hili limeua watu.

Mwaka 1 haukupita baada ya mwingine bila sisi kuambiwa tukaushe karafuu vizuri, na twajua sababu yake. Karafuu iliyorundikwa mbichi huvunda, ikawa mpeta, na bei yake huanguka. Lakini mahindi na karanga vikihifadhiwa vibichi, hasara yake si ya bei. Ukungu fulani huota ndani yake ukatoa sumu iitwayo sumukuvu. Mwaka 2016 sumu hiyo iliwapata watu wa mikoa ya Dodoma na Manyara waliokula mahindi yaliyoharibika. Wagonjwa walikuwa zaidi ya 60, na wapatao 20 walikufa. Walianza kwa kuumwa tumbo, kutapika na kuvimba tumbo, na macho yao yakawa manjano, kwa kuwa sumu hiyo hushika ini. Na hata ile isiyoua upesi, ikiliwa kidogo kidogo kwa miaka, huleta saratani ya ini.

Jambo la kutisha ni kwamba sumu hii haiondoki kwa kupika. Ukichemsha haifi, ukikaanga haifi. Wala mtu asifikiri kwamba atayachanganya mahindi mabovu na mazuri ili yasionekane. Dawa ni moja tu: kukausha sawasawa, na kutupa kilichoharibika. Karanga iliyosinyaa, iliyobadilika rangi, au yenye uchungu mdomoni, iteme na zilizobaki uzichambue upya. Msiwape kuku wala ng'ombe, maana sumu huwadhuru nao, na hupita hata katika maziwa.

Sisi wa kisiwani hununua nafaka nyingi kutoka bara, nayo huja kwa jahazi na meli, ikapata unyevu njiani. Basi jifunzeni kipimo hiki cha nyumbani, kisicho na gharama. Chukua chupa kavu yenye mdomo mpana. Tia chumvi iliyokaushwa juani au kikaangoni, kiasi cha vijiko viwili vitatu. Tia mahindi au mbaazi mpaka robo ya chupa. Funga, utikise kwa dakika chache, kisha uiache itulie dakika 10. Chumvi ikianguka chini yote, nafaka ni kavu. Ikishika ukutani mwa chupa, nafaka ina maji. Ianike kabla ya kuihifadhi. Na gunia lisiwekwe sakafuni wala lisiegemezwe ukutani, bali lilazwe juu ya mbao, upewe upepo njia ya kupita.

KIBABA CHA NYUMBANI

Katika nyumba za Ugogo nafaka ya mwaka huhifadhiwa ndani ya nyumba katika vihenge, na hutolewa kwa kipimo. Uwele na mtama ndizo nafaka za wazee wa kule, kwa kuwa huvumilia jua ambalo mahindi hayaliwezi. Mwenye nyumba akitazama kihenge chake hujua amebakiwa na miezi mingapi. Ni watu wangapi katika sisi wanaoweza kusema hivyo juu ya mchele wao?

Tujaribu hesabu. Mama akichota wali wa jioni, arudishe kibaba kimoja katika mtungi mwingine, si kila siku, mara moja tu kwa juma. Katika chungu cha juma zima watoto hawatakijua kibaba hicho. Lakini mwaka ukiisha, ni vibaba 52, yaani pishi 13. Pishi 13 zaweza kuivusha nyumba katika majuma yale mabaya kabla ya mchumo, ambapo wenye tamaa huja kutununulia karafuu zetu zingali changa. Kwa hiyo kibaba kile cha jikoni kinalinda shamba. Wazee walisema haba na haba hujaza kibaba, nasi twaongeza kwamba kibaba na kibaba hukomboa mkarafuu.

MAJI NA KUNI

Katika vijiji vingi vya uwanda ule, kiangazi kikikaza, akina mama huchimba mchanga wa makorongo yaliyokauka ili wapate maji, wakayabeba kichwani njia ndefu. Ndoo iliyopatikana hivyo haimwagwi ovyo. Maji ya kuoshea nafaka hunyweshwa kuku au mbuzi, na ya kuoshea vyombo hupelekwa penye mche. Sisi tulio na mvua tungefanya hivyo, bustani ya mchicha nyuma ya nyumba isingekauka hata katika kaskazi. Ila maji yenye sabuni nyingi msiyatie katika mboga.

Kuni nazo ni shida ya huko na ya huku. Ardhi ya Kondoa, kaskazini mwa Dodoma, iliharibika kwa kukatwa miti na kwa wingi wa mifugo hata ikawa makorongo matupu. Serikali ilianzisha mpango wa Hifadhi Ardhi Dodoma mwaka 1973, na mwaka 1979 mifugo ikaondolewa katika sehemu iliyoharibika sana. Siku hizi wengi mkoani wanafuata njia iitwayo Kisiki Hai. Hawapandi mti mpya, bali hutafuta kisiki kilicho hai ardhini, huchagua machipukizi machache yenye nguvu, hupogoa mengine, hufunga alama kwa kitambaa, kisha hukilinda. Mizizi imekwisha kuwa chini, kwa hiyo mti hukua upesi na bila kumwagiwa maji. Aliye na kichaka kilichokatwa mpakani mwa shamba lake na ajaribu.

Lakini kuni zilizo bora kuliko zote ni zile zisizochomwa. Shikeni mambo haya manne:

Mbaazi, maharage na kunde kavu ziloweke tangu usiku. Zitaiva mapema zaidi, na maji ya kuloweka yamwage.

Funika chungu. Chungu kilicho wazi hupasha moto paa la jiko.

Zungushia mafiga udongo uliochanganywa na majani makavu, ukiacha mlango mmoja wa kuni. Moto hautapeperushwa na upepo, na mtoto hatautumbukia.

Chungu kikichemka vizuri nusu ya muda wake, kiepue na kifuniko chake, ukitie katika kikapu kilichojazwa majani makavu au nguo kuukuu, ukifunike juu kwa mto mnene. Kitaendelea kuiva chenyewe kwa joto lake. Mama aweza kwenda kuchambua karafuu, akirudi akute mbaazi zimelainika, wala hapana moshi, wala hapana hofu ya kuungua. Kabla ya kula, kirudishe motoni kichemke tena.

UBUYU SI PIPI TU

Jambo la mwisho huenda likawafurahisha watoto. Mibuyu ni mingi sana Dodoma, na ubuyu twaujua sote, kwani huuzwa milangoni mwa skuli umetiwa sukari na rangi. Kule bara watu huula pia kama chakula. Unga wake mweupe hutiwa katika uji, na majani machanga ya mbuyu hupikwa mboga. Unga huo una vitamini C nyingi. Nunueni ubuyu usio na rangi, muuloweke, muuchuje, na maji yake myatie katika uji baada ya kuuepua, maana moto mkali huiharibu vitamini hiyo. Ukwaju wafaa vilevile, na hupunguza haja ya sukari kwa wale ambao daktari amewakataza.

NENO LA KUMALIZIA

Hatusemi kwamba watu wa Dodoma hawana shida, wala kwamba sisi tule mlenda kila siku. Mpwani ana samaki wake, na hatutamwomba aache nazi. Twasema tu kwamba mtu aliyefundishwa na jua kali anajua mambo ambayo aliyelelewa na mvua huyasahau. Tena sisi wakulima wa karafuu tunayo kazi ya kukausha mikononi mwetu tangu utoto. Tunajua kuanika, kugeuza, kuokoa na mvua, kupima kwa kidole. Ujuzi huo tumeuweka shambani tu, haujaingia jikoni.

Basi kila nyumba ya mwanachama na ianze na vitu vitatu kabla ya mchumo ujao: chupa moja ya mboga iliyokaushwa kivulini, mtungi mmoja wa vibaba vya akiba, na kikapu kimoja cha kuivishia. Anayeweza kufanya kimoja afanye kimoja.

Dodoma hutoa zabibu pia, mavuno mawili kwa mwaka, na nyingine hukaushwa. Siku ya furaha, mama akipika pilau, akatia karafuu ya shamba lake na zabibu kavu za huko, sahani ile itakuwa imekusanya matunda ya mikono miwili iliyojua kukausha. Twawaombea wanachama wote mchumo mwema, na chungu kisichokauka baada yake.